Posho ya Kusindikiza Hewa

Mwalimu wa jiografia aliomba aambiwe tena, maana mara ya kwanza alidhani anataniwa.

"Fedha za walimu wasindikizaji zimepita, shemeji," karani alirudia. "Walimu sita, posho ya siku nzima. Hongera."

"Na basi la wanafunzi?"

"Basi halikupita."

"Sasa hao walimu sita watamsindikiza nani?"

Karani alijikuna kidevu kwa kifuniko cha kalamu. Alikuwa mdogo wa mume wa mwalimu huyu, mtu mpole asiye na makuu, na ofisi ya elimu ilikuwa imemwachia dirisha hili la kupokea watu wenye hasira.

"Ni mafungu mawili, shemeji. La wasindikizaji liko chumba hiki. La usafiri liko ghorofani, nalo lilikwisha muhula wa kwanza. Hili letu limejaa pomoni, kwa sababu shule ikikosa basi haiendi, na isipokwenda hakuna wa kusindikizwa."

"Basi chukueni kidogo hapa mpeleke huko juu."

"Kuhamisha kunataka kikao. Kikao hukaa mwaka wa fedha ukishafungwa. Na ukishafungwa, hela zote zinarudi hazina. Ijumaa ijayo hiyo."

"Usingekuwa mdogo wa mume wangu, ningekutupia hiyo stepla."

"Tupa tu. Haina hata pini, tumeomba tangu mwaka jana."

Alirudi shuleni kichwa kikimwanga. Kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa amewaahidi darasa la sita kwamba watakwenda kuona mtambo wa kusafisha maji ng'ambo ya kilima, na kwa miaka mitatu aliishia kuuchora ubaoni: tangi la kwanza, tangi la pili, mishale ya chaki ya buluu. Darasa la mwaka huu lilikwisha kumsoma. Asubuhi ile ile msichana wa dawati la mbele alikuwa amenyoosha mkono na kuuliza kwa adabu zote, "Madamu, tutakwenda kweli, au tutakwenda ubaoni kama dada yangu?" Wenzake hawakucheka. Hicho ndicho kilichomchoma. Mtoto anayecheka bado ana tamaa. Hawa walikuwa wanauliza tu ili wajue.

Katika chumba cha walimu habari ilimtangulia. Mwalimu wa hesabu, ambaye wote walimwita Posho na mwenyewe aliitika, alikuwa amekwisha simama.

"Jamani, riziki haikataliwi! Kama watoto hawana basi, twende sisi. Tuuangalie mtambo kwa niaba yao, turudi tuwasimulie."

"Wachungaji sita, mbuzi hata mmoja hamna," alisema mwalimu wa jiografia.

"Ndiyo uchungaji mtamu huo, dada yangu. Mbuzi hapotei."

Walimu wakaangua kicheko. Hata mwalimu mkuu alitabasamu, kisha akakohoa, akasema ofisi haiwezi kurudisha fedha iliyopitishwa, ingeonekana kama utovu wa shukrani. Mwalimu wa jiografia hakuwa mtu wa kupayuka. Alitoka nje, akasimama ukutani, akampigia shemeji yake.

"Hebu nisomee kanuni yenu ya wasindikizaji. Yote."

Karani alisoma. Msindikizaji awe pamoja na wanafunzi tangu wanapoondoka shuleni hadi wanaporudi, ndipo alipwe.

"Imesema wawe ndani ya basi?"

Karatasi zikapekuliwa. "Haikutaja chombo, shemeji. Hakuna aliyewahi kuuliza."

Alirudi ndani. "Tunakwenda Alhamisi," alisema. "Kwa miguu. Sisi na darasa la sita."

"Kilima kile?" Posho aliuliza.

"Njia ni hiyo hiyo moja."

"Mimi nina goti!"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Goti lako likikataa, posho nayo inakataa."

Alhamisi watoto walipanda kilima wakiimba. Walimu walipanda wakilalamika, kila mmoja kwa somo lake. Posho alikadiria mwinuko kwa sauti hadi pumzi ikamwishia. Mwalimu mkuu, aliyekuja na viatu vya ofisini, alivivua akavibeba mkononi, na watoto wakajifanya hawaoni.

Mtamboni fundi mmoja aliwapeleka mpaka ukingoni mwa tangi la kwanza. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yakinuka matope. Katika la pili yalikuwa yametulia. Kwenye la mwisho uliona sakafu. Msichana wa dawati la mbele alisogea mpaka kwenye kizuizi, akatazama muda mrefu, kisha akageuka.

"Madamu, hujawahi kutuambia kwamba yana kelele."

"Hata mimi sikujua," alisema, na ilikuwa kweli.

Simu yake ikalia. Alikuwa karani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya mayai.

"Shemeji, mmefika salama? Vizuri. Sasa, ilinibidi niwaarifu wa ghorofani. Wamefurahi mno. Wanasema kama mmeweza kwa miguu, basi ni wazi shule yenu haihitaji fungu la usafiri. Mwakani wanawafuta."

Mwalimu wa jiografia alifumba macho. Nyuma yake Posho alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini, akichechemea, akiuliza atapata wapi maji ya kunywa mahali penye maji yote ya mji. Mbele yake darasa zima lilikuwa limeinamia kizuizi, kimya, likisikiliza.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Waambie hao wa ghorofani waje waniambie wenyewe, hapa hapa mtamboni."

"Hawana gari leo, shemeji."

"Najua," alisema. "Waje kwa miguu. Wasindikizaji ninao sita."