Mifuko ya Cyiza

Mama Nziza alilirudisha kutoka Mahoko gauni lake la kitenge hata wiki haijaisha. Kabatesi, fundi wake, akajiandaa kulaumiwa.

"Kuna kitu humu ndani," mteja alisema, akalipindua gauni. Upande wa tumbo palikuwa na mfuko mdogo, umeshonwa kwa namna ambayo kwa nje hauonekani kabisa. "Sikuuagiza, ila nimeupenda. Ni wa nini?"

Kabatesi hakujua. Mteja alipoondoka, alipindua nguo zote zilizokuwa zikingoja wenyewe. Zilizopita mikononi mwa Cyiza zote zilikuwa na mfuko.

Cyiza alikuwa mmoja wa wasichana waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka, huko Masisi, ambao Kabatesi aliwafundisha ushonaji katika chumba chake cha Mbugangari. Alikuwa na miaka kumi na sita, mkono mwepesi, na maneno ya kuhesabika. Kabatesi alijiuliza: anaficha nini? Anamfichia nani? Udadisi ukamshinda. Akavuta kigoda karibu na cherehani ya binti huyo.

"Mwanangu, sikugombezi. Nataka kujua tu. Hii mifuko ni ya nini?"

Cyiza aliuondoa mguu kwenye pedali.

"Mama, siku ya kukimbia, mikono haitoshi. Mama yangu alibeba mutoto ku mugongo. Mi nilishika badogo yangu wawili. Sak ya nguo, yenye picha ya papa, baba yetu, ilianguka, hakuna mutu wa kuiokota." Akaligusa gauni lake upande wa tumbo. "Donc, basi, nikawaza, kama mufuko ingekuwa ndani ya nguo, picha ingefika."

Kabatesi, aliyezaliwa Karagwe kwa wazazi waliokimbia pia, alisogeza kigoda karibu zaidi. Alimshika bega. Kisha akauliza, "Utawafundisha wenzako?"

Kesho yake Cyiza alisimama mbele yao, akawaonyesha jinsi ya kukata na kukunja. Wenzake wakaanza kubishana kila mmoja angeweka nini: kadi ya shule, simu, mbegu za maharage. Chumba kikajaa kelele ambazo Kabatesi hakuwahi kuzisikia humo.

"Na wewe, mfuko wako una nini leo?" alimuuliza Cyiza.

Binti akaingiza mkono, akatoa nusu ya andazi alilomwekea mdogo wake. Gauni lilikuwa limelowa mafuta mpaka nje.

"Ee mama!" Kabatesi alicheka. "Huu tuutilie bitana ya nailoni."

Naye Cyiza akacheka, akaenda kuitafuta.