Oda ya Kwanza Ilitoka Sanya Juu

Oda ya kwanza kuingia kwenye simu ile ilitoka kwa mtu niliyemtupia udongo mwenyewe kaburini.

Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa banda letu la kushonea, hapa Uru, nashona kola. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Stella, mjukuu wangu, akatoka ndani mbio, simu ameinyanyua juu kama mtu aliyemkamata jogoo baada ya kumfukuza kijiji kizima.

"Bibi! Imeingia! Oda, na mimi sijagusa kitu! Imeuliza yenyewe, imejibiwa, imeandika yenyewe!"

"Ya nani?"

"Mama mmoja wa Sanya Juu. Justina Theodory. Gauni la Krismasi." Akasoma, akacheka. "Watu wengine bwana! Anaandika, 'Bluu. Alikuwa anapenda bluu.' Anajisema kama anamsema jirani yake."

Sindano ikanichoma. Nikatazama tone la damu likivimba kidoleni, na sikulifuta.

Ili mjue kwa nini, lazima niwaingize kwanza bandani.

Mimi niliishia darasa la tatu. Kushona nilifundishwa na masista wa misheni. Wao walipima wateja kwa tepu na kuandika tarakimu kwenye daftari. Tarakimu zangu zilikuwa zinakimbia. Sita inageuka tisa, na tisa inageuka aibu. Basi nikachukua kamba ya mgomba, nikaisokota nyembamba, nikampima nayo mtu, nikafunga fundo. Fundo la kwanza mabega, la pili kifua, la tatu kiuno, mpaka urefu wa gauni. Mwishoni nikafunga kipande cha kitambaa nilichomshonea mteja huyo, hicho kikawa ndicho jina lake. Kamba nikaitundika msumarini. Miaka arobaini na moja nilifanya hivyo, na ukuta mzima wa banda ukaota ndevu.

Sasa pigeni picha ya Desemba. Wachagga wote waliotawanyika duniani wanarudi nyumbani, na kila ukoo unataka sare yake. Simu inaita: mama, vipimo vyangu si unavyo? Ninavyo. Nasimama, naenda ukutani, natafuta kitenge chekundu chenye kasuku. Nikimpata kasuku, simu inaita tena. Mwingine anauliza yake imefika wapi. Mwingine amebadili rangi. Jua linazama nimeshona mkono mmoja wa gauni moja. Na kudarizi, kazi niliyojulikana nayo, yale maua ya kahawa kwenye kola ambayo watu walikuwa wanapanda mlima kuyafuata, nilikuwa nimekuacha kabisa. Mikono yangu ilikuwa imegeuka karani.

Macho nayo yakaanza kunisaliti. Bluu na nyeusi vikawa ndugu. Krismasi moja nikachukua kamba ya mama mzaa chema nikamshonea mama mkwe. Gauni halikupita mabegani. Yule mama alilia mbele ya wageni.

Januari yake Stella akaniambia taratibu, kama mtu anayeuguza mgonjwa: "Bibi, Holili wamenipa nafasi kwenye ofisi ya mizigo, pale mpakani. Nimewaomba waningoje mwaka mmoja. Desemba hii ikiwa kama ile, nitaenda. Sitaki kukuona unazunguka ukuta mpaka uanguke."

Stella ndiye niliyebaki naye. Melkior, mwanangu, aliniachia yeye akiwa na miaka minne. Nikasema, lete hiyo mashine yako ya kwenye simu unayoniimbia kila siku.

Akamleta Hafidhi, kijana wa Moshi mjini anayetengeneza simu karibu na soko. Mtaratibu, kofia safi, akaniamkia shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma.

"Bibi, hii ni maktaba."

"Usinicheke, mwanangu."

"Sikucheki. Ila nakuonya, panya ameshaanza kuisoma." Akanionyesha ncha zilizotafunwa.

Akatueleza. Mimi nitataja jina la mwenye kamba, Stella atainyoosha kwenye tepu na kusema namba kwa sauti, na simu itasikia na kuandika. Baada ya hapo mteja akiuliza, simu itamjibu. Msimu ukikaribia, itawaandikia wote yenyewe, iwaulize rangi, ipange foleni. "Wewe, bibi, urudi kwenye sindano."

Tulisoma kamba kwa siku sita. Nilijishangaa. Kila kipande nilichoshika kilinipa mtu, na mtu akanipa siku yake. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na hao nikawataja wote. Kwetu marehemu tunamzika kihambani, kati ya migomba yake, hatumpeleki mbali. Ningewezaje kumruka mtu ukutani kwangu, kama vile namfukuza nyumbani? Wengi wao walikufa kabla watu hawajawa na simu, kwa hiyo hawakuwa na namba.

Siku ya tano nikashika kipande cha bluu.

"Justina wa Theodory," nikasema. "Sanya Juu."

Stella hakumjua. Alikuwa chuoni miaka ile Justina alipokuwa akija kwangu. Akafungua daftari la namba za simu. "Huyu namba yake ipo. Niiweke?"

Justina alikuwa akija kila Novemba na ndizi za kuchoma kwenye kikapu, ananicheka maungo yangu nami namcheka yake. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu nimzike. Nilijua ninachoulizwa.

"Iweke," nikasema.

Ndiyo hivyo. Jumatatu alfajiri simu ikawaandikia watu wote, na yeye pia: *Habari Justina. Krismasi inakaribia. Vipimo vyako bado tunavyo. Ungependa rangi gani mwaka huu?*

Pale mlangoni, nilipomweleza Stella, alikaa chini kwenye udongo.

"Bibi. Nimemwandikia marehemu."

"Mimi ndiye niliyemwandikia."

"Laini atakuwa nayo mumewe! Amesoma! Na mashine imemjibu, ona, imemjibu *Asante, tumepokea oda yako*." Akafunika uso. "Nani atatuletea tena nguo yake? Naizima. Na Holili nawapigia leo, nisije nikakuharibia jina ulilojenga maisha yako yote."

"Utawapigia kesho. Leo twende Sanya Juu."

Nikaingia kihambani, mpakani kule tulikopanda isale, nikachuma jani moja refu, nikalifunga fundo. Mchagga akikuona unakuja na isale mkononi anajua umekosa na umekubali kosa, naye hapaswi kukunyima msamaha. Kamba ya Justina nikaiviringisha, nikaitia kifuani.

Tulimkuta Mzee Theodory uani, anapukuchua maharage. Alikuwa amekonda. Akaliona jani kabla hajaniona mimi.

"Mama Melkior! Isale ya nini? Umeniulia ng'ombe?"

"Afadhali ingekuwa ng'ombe, Baba Elinipendo. Ni ule ujumbe wa simu."

Mikono yake ikasimama kwenye maganda. Stella akapiga magoti. "Shikamoo babu. Ni mimi, ni mashine yangu, nisamehe, sikujua—"

"Huyu hakujua," nikasema. "Mimi nilijua. Nilimtaja mkeo kama aliye hai kwa sababu sikuweza kumruka. Ndiyo maana isale nimeibeba mimi."

Mzee akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kitambaa cha mkononi, akakifungua kama anayefungua sakramenti. Ndani kulikuwa na simu ndogo ya vitufe.

"Kila mwezi naiwekea vocha," akasema. "Elinipendo ananiambia, baba, unamlisha nani? Miaka miwili haijalia, ila matangazo ya bahati nasibu. Jumatatu ikalia. Nikasoma. *Vipimo vyako bado tunavyo.* Nguo zake wanawake wa ukoo waligawana, ndiyo desturi, sikuwazuia. Picha imefifia. Nikakaa hapa nikawaza, nani tena duniani ana kitu cha Justina ambacho mimi sina? Mnavyo kweli?"

Nikaitoa kamba.

Aliipokea kwa mikono miwili, haelewi anaanzia wapi. Nikamsogelea, nikamwonyesha kidole kwa kidole: kutoka hapa mpaka hapa, mabega. Akashika ncha kwa mkono mmoja na fundo kwa mwingine, akaivuta ikanyooka. Kisha ikamponyoka, ikaanguka mapajani, lakini mikono yake haikushuka. Ilibaki hewani, imeachana kwa upana uleule, kama kuna mtu amesimama katikati.

Stella aligeuza uso. Mimi nilimtazama, maana mtu asiachwe peke yake mahali kama pale.

Hatimaye akashusha mikono. Akalichukua jani la isale, akalichomeka mfukoni kwenye shati. "Nimepokea. Yamekwisha," akasema. "Lakini oda sijaifuta. Elinipendo anakuja Desemba kutoka Mwanza. Mwili ni wa mama yake kabisa, ila miguu ni ya kwetu. Mshonee kwa kamba hii." Kisha akamgeukia Stella. "Na wewe inuka, unachafua sketi. Mashine yako ina adabu kuliko wanangu. Imeniuliza rangi, nimeijibu, ikaniambia asante. Wanangu nikiwaandikia barua nzima, wananijibu 'poa'."

Stella akacheka huku analia, kicheko kibaya chenye makamasi, na mzee naye akacheka. Maharage tulimalizia kupukuchua watatu.

Njiani kurudi Stella alishika simu, anaipekua. Nikadhani anatafuta namba ya Holili.

"Nimfute, Bibi?"

"Usimfute. Ila simu isimwite tena."

Akafikiri. "Nitawatengenezea mahali pao. Wawepo, vipimo viwepo, ila wasiitwe. Na kila mwaka kabla haijatuma, unisomee orodha kwanza, uniambie nani amehamia huko."

"Hilo naliweza," nikasema. Holili hakuitaja tena.

Desemba ile simu iliongea na watu ambao mimi sikuongea nao. Iliwapanga, iliwakumbusha, iliwatuliza. Gauni la bluu nililidarizi siku tisa mfululizo, na hakuna aliyeniinua kitini. Maua ya kahawa nilikuwa sijayashona kwa miaka sita. Nilidhani mikono imeyasahau, kumbe yalikuwa yananingoja. Elinipendo alipolivaa likamkaa kama limemwagwa juu yake, ila lilikuwa fupi. Nilikuwa nimeacha upindo mpana kwa ajili ya miguu ya baba yake, nikaushusha palepale.

Ni miaka mitatu sasa. Mwezi uliopita nilimkuta Stella bandani anasokota kamba ya mgomba. Anaisokota vibaya, nene kama ya kufungia mbuzi.

"Simama wima, Bibi."

"Ya nini tena? Si nimo kwenye simu?"

"Umo. Nakutaka na ukutani."

Akanipima. Mabega, kifua, kiuno kisichokuwepo. Akafunga mafundo akiyahesabu kwa midomo, akatundika msumarini, karibu na dirisha. Nikamuuliza, na kwenye simu umeniweka wapi, kwa wale wasioitwa?

"Wewe bado unaitwa," akasema, akarudi kazini.

Jumatatu alfajiri kisimu changu kikalia mfukoni mwa aproni. Macho hayawezi tena herufi ndogo, nikampa Stella anisomee. Akasoma kwa sauti ya heshima kama hanijui: vipimo vyangu bado wanavyo, ningependa rangi gani mwaka huu.

Nilikuwa katikati ya ua. Petali mbili zilikuwa zimebaki.

"Waambie wangoje kidogo," nikasema. "Nafikiria."