Chupa Isiyopungua

Tilila hakumwamini Hasnae tangu siku walipopangiwa chumba kimoja bwenini, pale Fes. Msichana gani huyo anayemchekea kila mtu?

Sasa kuna hili la mafuta. Kila asubuhi Tilila alichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni ya kwao milimani, akijigamba: "Haya ndiyo mafuta, mwenzangu! Si yale maji ya kuoshea vyombo mnayokamua huko kwenu Meknes." Hasnae alicheka tu, akamimina chai. Lakini wiki zilipita, na chupa haikupungua.

Siku moja, kabla ya kwenda darasani, Tilila aliichora chupa alama ya wanja pale mafuta yalipofika. Aliporudi, mafuta yalikuwa juu ya alama. Mwizi hupunguza; anayeongeza ni mchawi!

Akamwekea Hasnae chupa usoni. "Umenitilia nini humu? Sema, mnafiki wewe!"

Safari hii Hasnae hakucheka.

"Yako niliyamwaga kwa bahati mbaya siku ile ya kwanza, nikifagia. Uliyasifu mno, nikaogopa kukwambia. Nikajaza ya mama yangu, na yakipungua naongeza."

"Ya mama yako?"

"Ya Meknes."

Tilila aliitazama chupa, akautazama mkate aliokuwa ameubakiza asubuhi.

Hasnae akamsogezea sahani ya mafuta. "Chovya, bibi wee. Maji ya vyombo hayo yatapoa."