Geti Lililokonda

Kila Jumatano saa mbili asubuhi Mkunga alifungua dirisha la chumba cha vipimo, akapanga mezani pamba, spiriti na sindano ndogo za kuchoma kidole, kisha akaita mjamzito wa kwanza. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Wengi walifumba macho wakisubiri kuchomwa, na yeye alikuwa ameshaandika namba na kuita mwingine. Jumatano hiyo wa kwanza kwenye foleni alikuwa Binti, aliyetoka nyumba moja naye na kunywa uji meza moja naye saa moja tu iliyopita.

Binti alikuwa na miaka kumi na saba na mimba ya miezi sita. Shule alikuwa ameiacha, na kijana mhusika alikuwa amehama mji, na namba yake ya simu haipatikani. Mkunga alimlea tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mama yake Binti, mdogo wake Mkunga, alifariki siku ile ile ya kumzaa. Alitokwa na damu. Haikuwa hata nyingi, ila mwilini hakukuwa na nyingine ya kubaki. Wakati huo Mkunga alikuwa mshonaji wa nguo. Arobaini ilipopita aliuza cherehani, akaenda kusomea ukunga.

Kipimo cha wingi wa damu kilisoma sita nukta moja.

"Ngapi, Mama Mkubwa?"

"Sita nukta moja."

"Ni mbaya?"

"Si nzuri, mwanangu."

Kumi na moja ndiyo namba anayoipenda mkunga yeyote. Mwenye sita anakwenda kujifungua kama mtu anayeanza safari ndefu na tangi tupu. Mkunga alijua hilo kuliko alivyojua jina lake. Hata hivyo alifanya kama alivyomfanyia kila mtu: alisimama mbele ya foleni, akawakumbusha wale maharage, mboga za majani na maini, na chai wasinywe pamoja na chakula.

"Maini ya nani, nesi?" aliuliza mama mmoja aliyeitwa Mama Pacha. "Labda niuze figo ninunue maini."

Foleni ikacheka, na Mkunga akacheka pia, maana alijua bei ya maini.

Vipo vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, lakini kituo cha afya kilikuwa hakijavitoa kwa miezi kumi na minne. Kila mwezi Mkunga alijaza fomu ya kuviomba, akaipeleka kwa mtunza stoo, mzee mpole mwenye funguo shingoni, aliyeitwa na wote Bwana Akiba. Juu ya mlango wa stoo alikuwa ameandika kwa mkono wake AKIBA HAIOZI. Kila mwezi aliisoma fomu hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, akagonga muhuri wa "Isubiri".

Basi Mkunga alimwandikia Binti rufaa ya hospitali kubwa. Binti akaenda, akarudi jioni na barua fupi: mgonjwa aanze vidonge, ambavyo kwa mujibu wa taarifa vinapatikana kituoni kwenu. Mkunga aliisoma mara mbili. Aliona wa hospitali wamechanganya vituo.

Ijumaa kisu cha jikoni kilikuwa kimekonda. Mkunga alikishika akikata kitunguu, akakiona chembamba kama ukucha. Kijiko cha Binti nacho kilikuwa chepesi, na kitanda chake cha chuma kilibonyea katikati pale anapolala. Sufuria, kwa kuwa zilikuwa za alumini, hazikuwa na tatizo. Jumatano iliyofuata kipimo kilisoma sita nukta tisa.

Mkunga alitazama ile namba, akatazama kijiko alichokuja nacho kwenye mkoba. Jioni hiyo alipita kwa fundi wa kuchomelea, akanunua vipande vitano vya nondo, akavipanga chini ya godoro la Binti.

"Vinaumiza mgongo," alisema Binti.

"Vumilia. Mgonjwa hachagui dawa."

Kituoni ilikuwa vivyo hivyo. Benchi la chuma walilokalia wajawazito lilianza kuyumba, misumari ikalegea, na Jumatano moja Mama Pacha akasoma kumi nukta mbili bila kuuza figo. Mlinzi alikuja mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Nesi, geti linakonda."

"Limeanza lini?"

"Wiki ya tatu sasa. Jana mbuzi kapita katikati ya nondo bila hata kuinamisha pembe."

Mkunga alichukua utepe wa kupimia mikono ya watoto, ule wenye rangi tatu, akauzungusha kwenye nguzo ya geti. Ulisoma njano, rangi ya anayeanza kukonda. Akalifungulia geti kadi ya kliniki, akaandika tarehe na kipimo, akamwambia mlinzi amletee taarifa kila wiki. Wiki mbili baadaye geti lilikuwa kwenye nyekundu, na Binti alikuwa kwenye nane nukta nane. Mlinzi alilalamika kwamba sasa analinda mchoro tu. Lakini mkewe naye alikuwa na mimba ya miezi minne, hivyo hakulalamika sana.

Mwezi wa nane wa mimba, Binti alichelewa kufika kliniki akakuta benchi limejaa. Akaenda kukaa kwenye kigoda nje ya stoo, akaegemea mlango. Alikaa hapo kuanzia saa tatu hadi saa tano, akifuma kofia ya mtoto. Saa tano kufuli la stoo lilikwisha. Halikuanguka wala kukatika, lilikwisha tu, kama sabuni inavyokwisha, na mlango ukafunguka taratibu.

"Mama Mkubwa," aliita Binti, "stoo iko wazi."

Ndani kulikuwa na rafu moja safi, imefutwa vumbi, na juu yake makatoni manne ya vidonge vya kuongeza damu. Ukutani, ndani ya fremu, kilitundikwa cheti cha pongezi kwa kituo ambacho hakijawahi kuishiwa dawa.

Bwana Akiba alifika akihema. Hakuonekana mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu ambaye hatimaye amepata msikilizaji.

"Mwongozo unasema akiba isishuke chini ya makatoni manne," alieleza. "Yakiwa manne, tunahesabika tunazo. Yakishuka, tunahesabika hatuna, na taarifa inakwenda juu ikiwa nyekundu."

"Nipe katoni moja, mzee wangu."

"Nikitoa moja zinabaki tatu. Na tatu ni sifuri, nesi."

"Huyu mtoto alikuwa na sita."

"Najua. Niliumia sana." Na kweli aliumia, macho yalikuwa yamemlowa. "Isitoshe hazifai tena. Muda wake umekwisha mwezi juzi. Nimeshaagiza nyingine."

"Ngapi?"

"Nne."

Mkunga alikasirika. Alimfikiria mdogo wake. Alijiuliza kama siku ile pia kulikuwa na rafu safi mahali fulani, na mzee mpole aliyeumia. Kisha akamshika Binti mkono, akampeleka kupima. Kumi nukta tatu.

Uchungu ulimwanza Binti siku ya Jumanne, wakati wa chai ya saa nne. Mkunga alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameweka matofali chini ya kitanda cha kujifungulia ili kisidondoke kikikonda. Mkasi wa kukatia kitovu aliufungia chumba cha tatu, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, uje dakika ya mwisho. Kipimo cha asubuhi kilikuwa kumi na moja nukta nne. Aliiandika hiyo namba kwenye kadi, kisha akaiandika tena kwenye kiganja chake.

Kazi ilichukua saa sita. Kitanda kilishuka taratibu hadi kikakalia matofali, na Binti akaita majina yote ya ukoo, likiwemo la yule asiyepatikana kwa simu, ambalo alilifuatisha na maneno yasiyoandikika. Saa kumi kasoro mtoto akatoka, wa kike, akilia kwa hasira. Mkasi ulikuja, ukakata, na ukabaki mwembamba kiasi cha kuonekana mwanga upande wa pili.

Ndipo Mkunga alipoanza kungoja kile alichokuwa amekingoja miaka kumi na saba. Alikandamiza tumbo, akatazama. Damu ilitoka kidogo, kama inavyotoka. Ikapungua. Ikakata. Binti alikuwa na rangi midomoni na alikuwa akiuliza kama kuna chochote cha kula.

Mkunga alitoka ukumbini, akakaa kwenye benchi, na benchi likavunjika chini yake. Alibaki pale sakafuni akilia na kucheka, na Mama Pacha, aliyeleta mapacha wake kupimwa uzito, akaja akakaa naye chini.

"Amekula?" aliuliza Mama Pacha.

"Anataka ugali na maharage."

"Basi huyo mzima."

Mtoto alikuwa na kilo tatu na robo. Mzani, uliokuwa umebaki kama uzi na ndoano, ulimbeba vizuri tu.

Makatoni mapya yalifika mwisho wa mwezi. Bwana Akiba aliyapanga kwenye rafu, yote manne, akayafuta vumbi. Kituo kilipata cheti kingine, na mlango wa stoo ukapata kufuli jipya la shaba, ambalo mzee alilichagua mwenyewe baada ya kuuliza maduka matatu kama lina chuma ndani. Fomu ya Mkunga ya mwezi huo ilirudi na muhuri wa "Isubiri".

Jumatano iliyofuata foleni ilikuwa ndefu. Alikuwepo mke wa mlinzi, mwenye saba nukta mbili, na wasichana wawili ambao sare zao za shule zilikuwa zimeanza kuwabana. Mkunga aliupitia mlango wa stoo kwa macho, kutoka juu hadi chini. Kufuli lilikuwa la shaba, sawa. Bawaba bado zilikuwa za chuma, tatu, nene, na hazijaguswa.

Aliomba benchi la mbao, akalisogeza mwenyewe hadi likagusana na ule mlango, upande wa bawaba.

"Kaeni hapa, wanangu," aliwaambia. "Egemeeni vizuri. Leo hatuna haraka."