Mpunga Mgongoni mwa Mama

Buibui wa mashamba ya Sange hatandi utando. Huwinda kwa mbio juu ya matuta yanayotenga majaruba ya mpunga, na jike huburuta mayai yake nyuma, ndani ya kifuko cheupe. Yakianguliwa, watoto humpanda mgongoni mpaka wajiweze, ndipo hutawanyika. Namjua vizuri kwa sababu nilimtesa. Nilimpokonya kifuko kwa kijiti, akahangaika huku na huku, nikamtupia kidonge cha pamba, akakibeba. Nikamcheka. Mjinga yule!

Mwaka 1964, waasi na wanajeshi walipogombania barabara ya Uvira, tulijificha siku tatu ndani ya mpunga: mimi, mama yangu Pétronille, na mdogo wangu Firmin, kafungwa mgongoni mwa Mama kwa kitenge. Siku ya tatu asubuhi homa ikamuua Firmin. Mama akakataa kumfungua.

"Iko analala," alisema, akakaa kitako, na risasi zinakaribia. Nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bila yeye ningekwenda wapi?

Usingizi ulipomzidi, nilimfungua mtoto polepole, nikamfukia kwa mikono chini ya tuta. Kwenye kitenge nikafunga, mahali pake, mfuko wa mbegu ya mpunga tuliokimbia nao.

"Mama, amuka. Jua linamuchoma Firmin."

Akainuka. Tukatembea mpaka Uvira, yeye akiupapasa mzigo na kuuimbia. Watu wakimuuliza habari za mtoto, anajibu, "Iko analala." Moyoni nilijisifu. Mjinga ni mimi.

Tulipofika mtoni Mulongwe aliniomba nimsugue mgongo. Nikafungua kitenge. Maganda makali ya mpunga yalikuwa yamepenya nguo, ngozi yote imechubuka na kuvimba.

"Mama, ulijua?"

"Mutoto hachomake mugongo. Nilijua tangu uko unafunga lile fundo. Weye haujuake kufunga."

"Sasa juu ya nini ulibeba?"

"Kama sikubeba, minye ningebaki pale, na weye ungebaki na minye."

Nililia mbele ya watu, bila haya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilidhani nimemdanganya mzazi. Akaninawisha uso, kisha akauliza taratibu:

"Ulimulaza kwa tuta gani?"

Sikukumbuka. Matuta ya Sange yote yanafanana.

Njaa ilitutesa Uvira, lakini ile mbegu hakuipika. Tuliporudi Sange tuliipanda shamba zima, hata juu ya matuta, mahali ambapo hakuna mtu anayepanda mpunga, kwa kuwa Firmin angeweza kuwa popote.