Deni Lisilotaka Kuunganishwa

"Na huyu mama ndiye mdhamini wako?"

Afisa mikopo aliuliza huku macho yake yakiwa kwenye karatasi, kalamu ikielekea kiti cha pembeni. Kuruthumu akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

"Mama yupi? Nimekuja peke yangu."

Afisa akainua uso, akafinya macho, kisha akacheka kidogo. "Samahani. Niliona kama uko na mtu wa kitenge cha njano. Labda usingizi."

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka Kasulu hadi kwenye mabati, na ndani ya ofisi taa zilikuwa zinawaka. Kuruthumu hakulitilia maanani. Alitoka Kibondo alfajiri akiwa na jambo moja tu kichwani: arudi na mkopo mmoja utakaowanyamazisha wadai wote.

Alikuwa mjane mwenye duka la nafaka, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Abdalah. Zamani biashara ilichangamka kwa sababu ya kambi ya wakimbizi ya Nduta. Sasa mabasi yalikuwa yanawarudisha watu Burundi, na kila basi lililoondoka liliondoka na wateja wake. Mzigo wa maharage ukabunguliwa ghalani. Akakopa kuziba pengo, akakopa tena kulipa alichokopa. Alidaiwa na kikoba, akadaiwa na mikopo ya simu, akadaiwa na Habonimana, mkulima aliyemletea mahindi kwa mali kauli, alipwe yakishauzwa. Mbaya kuliko wote alikuwa kijana wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonga, ambaye hakupiga hodi. Alisimama mlangoni akichezea ufunguo wa pikipiki mpaka wateja wakaondoka wenyewe.

Kaka yake Nurudini, mwenye duka la vitenge Kasulu, ndiye aliyetoa wazo. "Unganisha yote, dada. Riba ya yule kijana inakumaliza. Chukua mkopo mmoja ofisini, walipe wote, ubaki na mdai mmoja."

Vestina, jirani yake na mtunza hazina wa kikoba, hakupenda. "Mimi ukichelewa tunaongea hapa hapa ukibandika chai. Na Habonimana vilevile. Ile ofisi utaongea na nani? Wao wanaijua nyumba yako tu, wewe hawakujui."

Kuruthumu alisikia yote mawili, akachukua la kaka yake. Katika hesabu ya madeni alimtia na Niyonsaba, mama Nadine, mwanamke wa Nduta aliyekuwa akimletea maharage ya bustani yake. Niyonsaba hakuwahi kudai. Kila alipoleta alisema, "Uza, pesa zikae kwako. Siku yangu ya kurudi ikifika, nitazifuata." Kisha alikuwa akiketi kwenye gunia karibu na mzani, alasiri nzima, akitazama mshale unavyocheza.

Akasaini. Nyumba ikawa dhamana.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Kijana wa kausha damu alihesabu pesa zake na hakurudi tena. Habonimana alipokea zake kwa mikono miwili. Kikoba kikamaliziwa, na simu ikanyamaza. Fungu la Niyonsaba likabaki kwenye kopo kabatini, maana mwenyewe hakuonekana. Wiki zikapita, bado hakuja.

Siku ya rejesho la kwanza ilipofika, duka lilikuwa halijauza hata nusu ya kinachotakiwa. Zamani angemwendea mmoja akamwomba subira. Sasa hakuwa na wa kumwendea. Akalifungua kopo.

"Nitarudisha," alisema kwa sauti, ingawa dukani hakukuwa na mtu.

Alipofika Kasulu kulipa, afisa alimpa risiti, akachungulia mlangoni. "Leo mwenzako umemwacha nje? Mwambie aingie, kuna viti."

Kuruthumu akageuka kutazama mlango. Alitoka haraka. Barazani hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa na alama za nyayo zenye tope jekundu, za miguu mitupu, zikielekea mlangoni na kuishia hapo.

Kesho yake alasiri, alikuwa anafunga sukari kwenye vifuko alipoona mshale wa mzani unasogea. Sahani ya mzani ilikuwa tupu. Ikashuka polepole, kama mtu anayemimina kitu taratibu kwa kopo, ikatulia, mshale ukasimama bila kutikisika. Kuruthumu akasimama vilevile. Baadaye sahani ikapanda, na mshale ukarudi kwenye sifuri.

Hakumwambia mtu. Lakini likatokea tena, na tena, saa zile zile za alasiri. Akausogeza mzani mbali na dirisha, akidhani ni upepo. Akaupeleka kwa fundi, fundi akaupima kwa mawe yake akasema hauna ubovu. Siku Vestina alipokuja kuomba chumvi, akaona mwenyewe. Sahani ilishuka mbele ya macho yake.

"Kuruthumu, umeweka nini?"

"Sijaweka kitu."

Vestina akapeleka mkono juu ya sahani, akapapasa hewa, kisha akauvuta mkono kama aliyeungua. "Kuna kitu. Kina vumbi, kama maharage makavu." Akatimua mbio nje, kandambili moja ikamvuka ikabaki chini ya meza. Hakuirudia mpaka jua lilipozama, na hata hapo alimwomba Kuruthumu amrushie barabarani.

Walipokaa nje kwa Vestina, Kuruthumu akasema yote: kiti, kopo, nyayo.

"Kitenge cha njano," Vestina alisema. "Nani unayemjua mwenye kitenge cha njano?"

Wote wawili walimjua.

Asubuhi Kuruthumu akachukua bodaboda hadi sokoni karibu na lango la Nduta. Aliwauliza wanawake wanaouza mboga. Wa kwanza alidhani Niyonsaba ameshapanda basi. Mwingine akatikisa kichwa. "Oya, hapana. Aliugua kifua. Walimpeleka hospitali Kasulu na binti yake, zamani kidogo. Kama bado yupo, yuko huko."

Zamani kidogo. Kuruthumu akapiga hesabu. Ilikuwa kabla hajasaini.

Alirudi dukani akaliuza friji la vinywaji kwa mwenye baa, kwa bei ya kuonewa, na fungu la kopo likatimia. Alipofika Kasulu hakwenda kwanza kwa Nurudini wala ofisini. Alikwenda moja kwa moja hospitali, akaulizia wodi ya wanawake.

Nadine alikuwa amekaa kando ya kitanda akisuka nywele zake mwenyewe. Niyonsaba alilala ubavu, mdogo kuliko Kuruthumu alivyomkumbuka, kitenge cha njano kimemfunika mpaka kidevuni. Miguu ilikuwa nje, mitupu. Nyayo zilikuwa na tope jekundu lililokauka.

"Amahoro, mama Nadine," Kuruthumu alimsalimia kwa Kirundi.

"Amahoro." Niyonsaba alifumbua macho taratibu. "Umekuja mwenyewe. Vizuri. Leo nisingeweza, njia imenichosha."

"Njia gani, mama?"

Nadine akajibu badala yake, kwa aibu. "Usimjali, shangazi. Hajainuka kitandani hapa tangu tulipofika. Lakini kila alasiri anafumba macho, halafu akifumbua ananiambia ametoka Kibondo. Manesi wanasema ni homa. Mimi namwosha miguu, na kesho inachafuka."

"Yule rafiki yako anaogopa sana," Niyonsaba akasema. "Alikimbia akaacha kandambili. Niliinama nimwokotee, mikono ikakataa."

Kuruthumu akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akatoa pesa, akaziweka mkononi mwa mgonjwa. Niyonsaba hakuzihesabu.

"Na wengine? Umewalipa?"

"Wote. Nilichukua mkopo mmoja nikawaunganisha."

"Na mimi ukanitia humo?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Kisha nikazitumia pesa zako kulipa rejesho."

Niyonsaba akaziweka pesa kifuani. "Wale walikukopesha," akasema. "Mimi sikukukopesha. Mimi nilikuwekea. Deni linaweza kwenda ofisini, likakaa na wenzake. Changu hakikuwa na pa kukaa. Ndiyo maana nilikuwa nakuja kukitazama."

Kuruthumu alilia bila sauti. Alikuwa amekua akifundishwa kwamba amana haiguswi, na hata siku ya kufungua kopo alilijua hilo. Nadine akampa ncha ya khanga afute uso.

Niyonsaba hakufa. Mwezi uliofuata alipata nafuu ya kuweza kukaa, na jina lake na la binti yake yakaitwa kwenye basi la kwenda Burundi. Kuruthumu aliwapelekea mkate na sabuni, akapunga mkono mpaka vumbi likafunga njia.

Mkopo ulibaki palepale. Ofisi haikumpunguzia kitu, ila Nurudini, aliyeona haya kwa ushauri wake, alimtafutia wakala wa pesa za simu wa kupanga nusu ya duka, na kodi hiyo ikawa inafidia rejesho. Miezi mingine alikula ugali na mlenda ili siku ya kulipa isimkute mikono mitupu. Hakupoteza nyumba. Alikaribia.

Msimu wa mvua ulipoanza, Vestina naye alizidiwa na madeni. Alikuja akakaa mlangoni, upande wa nje. "Sasa niambie ukweli, Kuruthumu. Niunganishe, nisiunganishe?"

Kuruthumu akaketi kando yake. "Yule wa kausha damu unganisha, na ya simu pia. Hayo yanakula usiku na mchana, na nikirudi nyuma ningefanya hivyo hivyo. Wanaoweza kukusubiri waache walipo, uwalipe kidogo kidogo. Na ukishalipa, usirudi kukopa kwa sababu tu mlango umekuwa kimya. Haya, nitajie wadai wako."

Vestina akaanza kuwataja kwa vidole. Alipofika kwa Ndayisaba akasita. "Huyu alinipa cherehani nimtunzie akienda kutafuta kazi. Niliiuza mwaka juzi."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui. Nimekuwa nikimwona sokoni, kwa mbali. Nikimwita hageuki."

Kuruthumu akainuka, akafunga duka, akachukua mwavuli.

"Simama," alimwambia. "Tuanze na huyo."