Sabuni Mbichi

Sabuni mbichi haitoki chumbani. Kanuni hiyo waliijua wote: Mama Povu aliyeiweka, wifi yake aliyeshirikiana naye katika biashara, hata watoto wa jirani waliozoea kuchungulia dirishani. Vipande vilikatwa, vikapangwa rafuni, vikangoja mwezi mzima mpaka ukali wa magadi upoe. Rafu zikijaa, sufuria halikutelekwa jikoni tena mpaka zipungue.

Siku hizi chumba kile amepanga fundi redio, lakini kila apitapo hapo Mama Povu hupunguza mwendo. Pua yake bado husikia mafuta ya nazi yakichemka, na masikio yake kicheko cha wifi yake, Mungu amrehemu, kilichokuwa kikitikisa vifuniko vya masufuria.

Mwaka ule wa kwanza, wenzao waliofungua biashara mtaani walikuwa wakipukutika. Mshona kofia aliridhika na wateja walewale wa mwanzo. Walipohama, naye akafunga mlango. Muuza viatu alifungua duka la pili kabla la kwanza halijasimama, na yote mawili yakamfia mikononi. Mawifi hawa walisonga pole pole, wakiongeza rafu kadiri wateja walivyoongezeka.

Ndipo mwenye nyumba ya wageni alipoagiza sabuni nyingi kuliko zote zilizokomaa rafuni.

"Wifi, bahati imebisha hodi, nawe unauliza nani?" alisema wifi yake.

"Nauliza imefuata nini. Zilizokomaa ni chache."

"Na hizi nyingine si sabuni? Au ni mayai, unayaatamia?"

"Hazijatimiza hata wiki mbili, wifi."

"Masikini kaka yangu, kumbe alioa mlinzi wa rafu! Haya, tumkatae, aende kwa wengine, nasi tukae tukidumaa kama yule mshona kofia."

Neno hilo lilimchoma Mama Povu. Aliogopa kudumaa kuliko alivyoogopa kukosea. Akazipakia mbichi na zilizokomaa katika katoni, akazifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki haikuisha. Dobi wa nyumba ya wageni alisimama mlangoni, mikono imeviringishwa vitambaa.

"Mama Povu ni nani hapa?"

"Ni mimi, dada."

"Basi njoo utazame ulichonipikia."

Ngozi ilikuwa imebabuka mpaka viwikoni.

Mwenye nyumba ya wageni hakutaka kurudishiwa chochote. Alitaka mashuka yake yafuliwe na hao waliopika sabuni, mpaka dobi apone. Wakikataa, angeutangazia mji mzima, na hapo nani angenunua tena kipande kwao?

Wakafua. Asubuhi waliinama uani juu ya mabeseni, jioni walipika kidogo, kwa kadiri ya rafu.

"Tulitaka kukua, wifi," alisema mwenzake akikamua shuka. "Haya, tumekua madobi."

Mama Povu alicheka mpaka akaketi majini. Katika miaka yote iliyofuata hakupata tena kazi iliyomchosha vile, wala asubuhi alizozitamani kama zile, mashuka yakipepea na migongo yao ikiuma pamoja.

Hatimaye dobi alikuja uani mikono haina vitambaa, ngozi mpya iking'aa. Akachukua kipande kilichokomaa, akajipaka mapovu, akatulia kidogo.

"Haiwashi," akasema. Akawasukuma kando kwa kiwiko. "Haya, tokeni kwenye beseni langu. Mmemaliza."